Kuunga picha za Jua: mshono huanzia kwenye darubini

Ukiona mstari umekata uso wa Jua kwenye picha iliyoungwa kwa vipande kadhaa, usikimbilie kuilaumu programu. Mara nyingi programu imefanya ilichoweza. Kasoro iliingia asubuhi ileile, kipande kimoja kilipopigwa kwa mwanga tofauti na jirani yake, au dakika nyingi zilipopita kati ya kipande cha kwanza na cha mwisho. Vipande vikilingana kwa mwanga, kwa fokasi na kwa wakati, hata programu ya bure huviunga bila kuacha alama. Visipolingana, kinachobaki ni kupaka rangi juu ya mshono, na hapo umeacha kupiga picha, umeanza kuchora.

Neno la usalama kabla ya lolote, maana kosa hapa halina marekebisho. Kichujio cha filamu kinakaa mbele ya darubini, upande unaoelekea Jua, na kimefungwa kwa utepe ili upepo usikitoe. Filamu ya kutazamia hupitisha sehemu 1 kati ya 100,000 ya mwanga. Ile ya kupigia picha, yenye namba 3.8 ya uzito wa kuzuia mwanga (ya kutazamia ni 5), hupitisha karibu mara 16 zaidi na haifai kwa jicho hata kidogo. Kabla ya kuifunga, iinue dhidi ya taa uone kama ina tundu. Kabari ya Herschel, kipande cha kioo kinachotupa kando sehemu kubwa ya mwanga, ni ya darubini za lenzi tu, si za vioo. Darubini ndogo ya kutafutia ama uitoe, ama uifunike. Vichujio vidogo vya kuskrubu kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto: vitupe.

Sasa hesabu. Jua lina upana wa takriban dakika 32 za tao (dakika ya tao ni sehemu 1 kati ya 60 ya digrii, na sekunde ya tao ni 1 kati ya 60 ya dakika hiyo): 31.5 mwanzoni mwa Julai, 32.5 mwanzoni mwa Januari. Ili kujua litatoka kubwa kiasi gani kwenye kihisi cha kamera, chukua urefu wa fokasi ugawanye kwa 107. Darubini ya lenzi ya milimita 80 yenye fokasi ya milimita 560, ikiwekewa Barlow (lenzi ya kuongeza ukuzaji) ya mara 2.5, inafika milimita 1400, kwa hiyo Jua linakuwa na kipenyo cha milimita 13. Kihisi cha IMX174, ambacho wapiga picha wa Jua wengi wanakipenda, kina milimita 11.3 kwa 7.1. Jua haliingii.

Acha vipande vipandiane kwa robo. Kila hatua ya kwenda upande inakuwa milimita 8.5, na ya kushuka milimita 5.3. Ongeza milimita 1 ya anga kila upande wa Jua, utahitaji kufunika milimita 15. Safu mbili kwa upana zinafunika 19.8, mistari mitatu kwa urefu inafunika 17.7. Vipande 6 vinatosha. Usibane mpandiano chini ya asilimia 20 ili kuokoa kipande kimoja, kwa sababu kingo za kila kipande zitapotea kidogo kwenye kurundika (kuchanganya fremu nyingi kuwa picha moja) na nyingine utazikata mwenyewe.

Je, ukuzaji huo una maana? Pikseli za IMX174 ni mikroni 5.86. Kwenye haidrojeni-alfa, mwanga mwekundu wa gesi ya haidrojeni wa nanomita 656.28, kihisi hicho kinataka darubini iwe karibu na f/18, yaani fokasi iwe mara 18 ya upana wa lenzi, ili isipoteze maelezo ambayo lenzi inayatoa, na 1400 kwa 80 ni f/17.5. Kila pikseli inabeba sekunde 0.86 za tao, na Jua zima lina upana wa pikseli kama 2,220. Kuzidisha Barlow baada ya hapo kunaongeza idadi ya vipande bila kuongeza hata doa moja.

Kuna njia fupi, na haina aibu. Kihisi cha IMX178 kina pikseli za mikroni 2.4 na ukubwa wa milimita 7.4 kwa 5.0. Ukikiweka kwenye darubini ileile bila Barlow, pikseli moja inabeba sekunde 0.88 za tao, yaani karibu sawa na mwanzo, ila Jua lina kipenyo cha milimita 5.2, limezidi urefu wa kihisi kwa unywele. Vipande 2 vinamaliza kazi. Unachotoa ni kasi, kwa kuwa kamera hiyo hupiga fremu kama 60 kwa sekunde wakati ile nyingine inazidi 150, na pia inasoma mstari kwa mstari, hivyo hewa ikichemka sana umbo linapindapinda ndani ya fremu moja. Asubuhi yenye hewa tulivu ningechukua vipande 2. Kukiwa na upepo, 6.

Etaloni (vichujio vinavyopitisha mwanga wa rangi moja tu, kama haidrojeni-alfa) zinazokaa nyuma ya darubini ni habari nyingine. Quark ya DayStar ina ndani yake Barlow ya mara 4.3, kwa hiyo ile fokasi ya 560 inaruka hadi 2408, Jua linakuwa milimita 22.5, na IMX174 inadai safu 3 kwa mistari 5, jumla vipande 15. Hapo ndipo muda unapoanza kuuma.

Jua linazunguka. Likitazamwa kutoka duniani, ikweta yake hutembea nyuzi 13 na ushei kwa siku, na katikati ya uso wake hilo linatokea kama sekunde 9 za tao kwa saa, au sekunde 1 kila dakika 6 na nusu. Vipande 6 vikipigwa kwa dakika 2, doa la katikati limesogea sekunde 0.3, chini ya nusu pikseli. Vikichukua dakika 10, limesogea karibu pikseli 2 na mshono utaonyesha doa lenye pacha. Tena mzunguko ndio mpole. Kwenye haidrojeni-alfa nyuzi ndogo za gesi zinazozunguka madoa hubadilika sura ndani ya dakika chache, na kwenye mwanga mweupe chembechembe za uso wa Jua huzaliwa na kufa kwa dakika 8 hadi 10 hivi. Programu ikikutana na nyuzi hizo zikiwa zimeelekea mashariki kwenye kipande kimoja na kusini kwenye kingine, haina la kufanya.

Wanasayansi wa Jua wenyewe hawakwepi tatizo hili. Picha ya Jua zima ambayo chombo cha Solar Orbiter kilipiga tarehe 7 Machi 2022, kikiwa kilomita milioni 75 kutoka kwenye Jua, iliungwa kwa vipande 25, ikafika pikseli milioni 83. Kazi ilichukua zaidi ya saa 4, kwa sababu ili kuhama kipande kimoja kwenda kingine ilibidi chombo kizima kigeuke, na kila kipande kilikula dakika kama 10. Wewe unageuza darubini ya kilo chache tu, una nafasi nzuri kuliko wao.

Kwa hiyo panga dakika 2 hivi. Fremu 1,000 kwa kasi ya 100 kwa sekunde ni sekunde 10 kwa kipande. Stendi ikienda mara 16 ya kasi ambayo nyota hupita angani, hatua ya upande inachukua sekunde 5 na ya kushuka sekunde 3 na kidogo. Nenda kama nyoka: kushoto kwenda kulia, shuka, kulia kwenda kushoto, shuka. Ukibadilisha mwelekeo, gia zina ulegevu, stendi itasita kidogo kabla ya kuanza kwenda. Usihesabu sekunde kwa kichwa, tazama doa au ukingo kwenye skrini usimame ulipokusudia. Kila fremu ya biti 8 ina megabaiti 2.35, kwa hiyo vipande 6 ni gigabaiti 14, na kwa kasi hiyo kompyuta inaandika megabaiti 235 kila sekunde. Diski ya kuzunguka haiwezi. Bila SSD na waya wa USB 3 fremu zinadondoka, unabaki na 400 ukidhani una 1,000.

Kabla ya kuanza, igeuze kamera hadi upande wake mrefu uwe sambamba na mhimili unaofuata Jua. Weka doa moja kwenye kona ya chini ya skrini, endesha mhimili huo peke yake, doa litembee sambamba na mpaka wa chini. Likipanda au likishuka, legeza kamera uigeuze kidogo, rudia. Kamera iliyokaa mshazari inatoa vipande vinavyopanda ngazi, na pembe moja ya Jua hubaki wazi bila kufunikwa. Pengo hilo hutaliona mpaka umefika mezani.

Kwa sisi wa karibu na ikweta stendi ina ukaidi wake. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini, Dar es Salaam 6.8. Stendi nyingi za ikweta zimetengenezwa kwa watu wa nyuzi 20 hadi 60, mhimili wake haulali chini kiasi tunachotaka, na ukiulazimisha, fimbo ya vizito inagonga mguu wa stendi. Dawa ni kuunyanyua mguu mmoja kwa tofali au kabari ya mbao hadi mhimili ulale, kisha kuhakikisha mguu haukai kwenye njia ya fimbo. Dira na kipima pembe cha simu vinatosha kuelekeza mhimili mchana. Kwa kazi ya dakika 2, kosa la digrii moja halikuharibii kitu.

Mwenye stendi ya kupanda na kuzunguka, ile isiyofuata ikweta, asikate tamaa, ila ajue kwamba picha inazunguka yenyewe. Machi na Septemba asubuhi, Jua likiwa mashariki kamili, mzunguko huo ni karibu sifuri. Juni ukiwa Nairobi, Jua likiwa nyuzi 25 juu, picha inazunguka zaidi ya nusu digrii kwa dakika 5. Programu ya kuunga lazima iruhusiwe kugeuza vipande, la sivyo kona zitakataa kukutana. Jua likikaribia utosi, kama Dar mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba saa sita mchana, stendi hiyo hushindwa kulifuata: funga vifaa.

Saa sita si ya kupiga Jua hata kwa sababu nyingine. Ardhi imeshapata moto na hewa inachemka. Wakati mzuri ni kati ya saa mbili na robo na saa tatu na nusu asubuhi. Huku kwetu Jua hupanda kwa kasi, karibu nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo saa mbili na robo liko nyuzi 25 na hewa bado ina ubaridi. Kaa kwenye nyasi. Paa la mabati upande wa mashariki wako, hata likiwa mita 50 mbele, litakuharibia kila fremu, na sakafu ya saruji chini ya darubini hufanya vivyo hivyo.

Mwanga sasa. Elekeza katikati ya Jua, mahali panapong'aa zaidi, weka gaini (unyeti wa kamera) na muda hadi histogramu (grafu ya mwanga) ifike asilimia 70, muda ukiwa chini ya milisekunde 10 ili kila fremu iigandishe hewa. Kisha usiguse tena. Uso wa Jua hufifia kuelekea ukingoni, hivyo ndivyo ulivyo, na kipande cha ukingo kitaonekana cheusi kwenye skrini mpaka utamani kukiongezea mwanga. Ukikiongezea, umeshatengeneza mshono. Zima kila kitu kinachoitwa auto, acha gama (mkunjo wa mwangaza) kwenye mstari mnyoofu, na etaloni ikishatuniwa isiguswe hadi kipande cha mwisho.

Ndimi za gesi ukingoni zinahitaji mwanga mara 3 hadi 5 zaidi. Hizo ni duru ya pili: zunguka ukingo mzima kwa mwanga wao, unga peke yake, ziunganishe na uso mwishoni kwa barakoa ya duara. Kujaribu kupata vyote kwa mwanga mmoja kunakupa uso uliofifia na ndimi zisizoonekana.

Adui mkubwa wa mshono ni mwanga usio sawa ndani ya fremu yenyewe. Etaloni huwa na sehemu moja iliyo safi zaidi, pembeni inafifia. Vumbi kwenye kihisi huacha vivuli vya mviringo. Na kwenye mwanga wa rangi moja kuna pete za Newton, mistari myembamba inayofanana na alama za vidole, inayozaliwa pale mwanga unapogonga uso wa kihisi na kioo chake ukarudi kujikuta. Pete zinatibiwa kwa kuinamisha kamera kidogo kwa adapta ya kuinamisha: iskrubu taratibu ukitazama skrini, mistari itabanana, itakuwa myembamba, kisha itapotea. Simama hapohapo. Ukizidisha, upande mmoja wa fremu unatoka kwenye fokasi.

Vinavyobaki vinaondolewa kwa picha ya kusawazisha. Jaza fremu kwa katikati ya Jua pasipo doa, funika mdomo wa darubini kwa mfuko mweupe wa plastiki ulionyooshwa usiwe na mikunjo, rekodi fremu 200 hivi, programu ya kurekodi, FireCapture au SharpCap, itatoa wastani na kuutumia kwenye kila fremu inayofuata. Mfuko hautoi kikamilifu ule ufifio wa etaloni, kwa kuwa unatawanya mwanga uingie kwa pembe nyingi. Njia inayoushinda ni kuvuruga fokasi na kuitembeza darubini polepole katikati ya Jua huku ukirekodi. Ukigeuza kamera, ukiinamisha, au hata kuitoa na kuirudisha, picha ya kusawazisha ya zamani haina kazi: itakuchorea vumbi pasipokuwa na vumbi.

Mezani, AutoStakkert! kwanza, programu ya kurundika. Chagua hali ya Surface, weka nanga kwenye doa au uzi mweusi wa gesi wenye utofauti mkali, kisha uhakikishe Normalize Stack imezimwa, maana kazi yake ni kusawazisha mwanga wa kila rundo kivyake, na hicho ndicho kitu usichokitaka hapa. Chukua idadi ileile ya fremu kwa vipande vyote, kwa mfano 150 kati ya 1,000. Kipande kimoja kikirundikwa kwa 50 na kingine kwa 300, wingi wa chembechembe za kelele kwenye picha utatofautiana, na macho huuona mpaka huo hata mwanga ukiwa sawa. Hifadhi kwa TIFF ya biti 16.

Kunoa kabla au baada ya kuunga? Kidogo kabla, kidogo baada. Rundo bichi ni laini mno, programu haipati mahali pa kushika. Lililonolewa hadi mwisho lina mistari ya uongo pembezoni na utepe mweupe kwenye ukingo wa Jua. ImPPG, ambayo ni ya bure, inanoa faili zote kwa mkupuo na kwa mipangilio ileile. Sigma (upana wa kunoa) kati ya 1.0 na 1.5 inatosha, washa kizuizi cha utepe wa ukingoni. Halafu kata pikseli 30 kila upande wa kila kipande, kwa sababu hapo ndipo kunoa kunapoacha mawimbi.

Kwa kuunga, Hugin ni ya bure na inatii. Iambie lenzi ni rectilinear, upana wa kipande kilichokatwa ni digrii 0.45, uipe ruhusa ya kurekebisha mahali na mzunguko wa kipande tu, na thamani ya EV (kiwango cha mwanga) iwe ile moja kwa vipande vyote. Mwenye Photoshop atumie Photomerge kwa Reposition, azime kurekebisha pembe za giza na upotofu wa lenzi: Jua linalofifia ukingoni litadhaniwa ni kasoro ya lenzi, nalo litapakwa mwangaza.

Tazama kwa makini vipande vya ukingo visivyo na doa. Ukingo ni tao laini, kila sehemu yake inafanana na nyingine. Programu ikishika tao peke yake, inajua kipande kiko umbali gani kutoka katikati, lakini haijui kimekaa wapi kandokando ya tao, kwa hiyo kinaweza kuteleza pikseli 10 na tao likaonekana limekaa sawasawa. Weka mwenyewe pointi 3 au 4 za kushikiza kwenye vitu vilivyo ndani ya uso: uzi, doa, au pale sehemu mbili angavu zinapokutana.

Picha ikishatoka, kaza utofauti wa mwanga mpaka iwe mbaya, nyeusi na nyeupe tupu. Mishono iliyojificha itajitokeza yote. Kipande kikiwa cheusi kwa asilimia 2, kizidishe kwa 1.02, usikijumlishie. Kujumlisha kunainua na anga jeusi nyuma ya ukingo, na sasa una mshono mwingine angani.

Mwisho pima kipenyo, kwa upana na kwa urefu. Jua ni duara karibu kamili, na kitu pekee kinachokubalika kulibonyeza ni hewa: likiwa nyuzi 25 juu, hewa inalipunguza sekunde 3 za tao kuelekea upeo wa macho, ambazo kwa vifaa hivi ni pikseli 3 au 4. Likiwa nyuzi 40, ni pikseli 1 au 2. Ukipata tofauti ya 12, kuna kipande kimeteleza. Fungua picha ya chombo cha SDO ya saa ileile, ilingane na yako kwa kaskazini, linganisha madoa moja baada ya jingine, na kipande ambacho madoa yake yamehama ndicho utakachokitoa na kukishikiza upya.